Vidonge vya Bi Meno

Maiti ilikuwa bado ya moto.

Inspekta alilihisi joto hilo alipopiga goti sakafuni na kugusa shingo ya marehemu kwa mgongo wa kidole. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba kama uzi, alilala chali kando ya meza ya kazi, kichwa juu ya taulo lililokunjwa. Paji la uso lilikuwa limepasuka. Kwenye pembe ya meza palikuwa na damu. Gauni lake lilikuwa limelowa chapachapa kwa jasho, kana kwamba mtu amemmwagia ndoo ya maji.

"Koplo, amefariki saa ngapi?"

"Kabla ya saa tatu, afande. Kwa maelezo ya mzee aliye nje."

"Karibu saa nzima, na sakafu hii ni ya saruji. Mbona ana joto la mtu mwenye homa?"

Koplo alikuna kichwa. "Sijui, afande."

"Mimi pia sijui. Andika hivyo hivyo."

Inspekta aliinuka, akakung'uta sketi yake ya sare, akatazama pande zote. Ilikuwa karakana ya meno ya bandia. Rafu zilijaa taya za plasta, nyingine za juu, nyingine za chini, kila moja na kikaratasi chake. Popote ulipogeuka kulikuwa na mdomo unakuchekea, na hakuna hata mmoja uliokuwa na mwenyewe. Juu ya meza palikuwa na taa ya spiriti, vijiko vya nta, tupa ndogo ndogo, na chupa mbili za dawa zenye lebo ya hospitali. Moja ilikuwa imefunguliwa.

"Chukua hizo chupa. Vielelezo namba moja na mbili. Usizishike kwa mkono mtupu."

Mtu wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alikaa kwenye benchi la nje, kitambaa mdomoni.

"Samahani, mwanangu, nikitamka vibaya," alisema kwa aibu. "Meno yangu yako humo ndani. Ndiyo niliyoyafuata."

"Unatamka vizuri, mzee. Uliona nini?"

"Nilikuta mlango wazi. Bi Meno yuko chini, mdogo wake amempakata, anamfuta kwa taulo. Akapiga kelele niite watu. Nikaita. Kwa sauti gani, Mungu ndiye ajuaye, maana bila meno hata kelele haitoki vizuri."

"Alikuwa anapumua?"

"Hapana, mwanangu. Nimezika wengi. Najua."

Bi Meno ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita. Mdogo wake, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, mikono imejaa unga mweupe mpaka viwiko. Yeye alijulikana kwa jina la Plasta. Dada yake ndiye aliyempa.

"Ulikuwa wapi alipoanguka?" Inspekta aliuliza.

"Nyuma. Nakoroga plasta."

"Ulisikia nini?"

"Kishindo. Nikakimbia. Nikamkuta hivyo."

"Alisema neno?"

"Hapana, afande."

"Kazi yako hapa ni ipi hasa?"

"Hiyo hiyo. Kukoroga plasta, kuosha kalibu, kufagia. Dada ndiye fundi."

Kutoka dirisha la nyumba ya pili, mama mmoja mpiga pasi alimwita Inspekta kwa kidole.

"Mimi si mbeya," alianza, kwa namna ya wambeya wote. "Lakini mwulizeni mumewe. Mwezi mzima ni kelele. Juzi nimemsikia kwa masikio yangu haya: 'Ukifa usinisingizie mimi!' Leo kafa. Mtu hatabiri hivyo bila kujua kitu."

* * *

Mume alikuwa mpiga chapa. Aliletwa kituoni kutoka kazini, wino ungali kwenye kucha. Alikuwa ameshalia, sasa alikaa kama gunia.

"Ulimwambia mkeo, 'Ukifa usinisingizie.' Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananidanganya. Au nilidhani ananidanganya. Sijui tena."

"Anza mwanzo, shemeji." Neno hilo lilimtoka Inspekta lenyewe, na liliufungua mdomo wa yule mtu kuliko swali lolote.

"Alikuwa na ugonjwa wa tezi. Hii ya shingoni. Ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, na mwili mzima unakwenda mbio nayo. Anakula sahani mbili, anakonda. Anatoka jasho watu wengine wamevaa sweta. Macho yakamtoka. Mikono ikawa inatetemeka hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Na hasira! Ukiweka kijiko pasipo mahali pake, vita. Tuliona ni uchovu wa kazi. Tukakaa na hilo nusu mwaka."

"Kisha?"

"Miguu ikavimba. Akawa analala ameketi, maana akijinyoosha anakosa pumzi. Nikiweka sikio kifuani pake, moyo haupigi kama moyo. Unakimbia, unajikwaa, unasimama, unakimbia tena. Nikampeleka hospitali. Wakasema tezi imeuendesha moyo mpaka umelegea. Wakampa dawa za aina mbili. Moja ya kuizuia tezi, moja ya kuutuliza moyo."

"Zikasaidia?"

"Zilisaidia sana, afande. Wiki sita tu, miguu ikanywea, mikono ikatulia. Akarudi kwenye kiti chake cha kazi, nikamsikia anaimba. Halafu wiki tano zilizopita ikarudi yote, mbaya kuliko mwanzo. Daktari akasema sababu ni moja tu: hamezi dawa."

"Naye alisemaje?"

"Aliapa anameza. Nikaanza kuhesabu vidonge. Vinapungua kama inavyotakiwa. Nikasema basi anavitupa. Nikawa namsimamia akimeza, kisha namwambia fungua mdomo nione." Alitazama mikono yake yenye wino. "Mwanamke anayewatengenezea watu meno, mimi mumewe namwambia fungua mdomo. Kama mtoto."

"Alipofungua?"

"Hamna kitu. Amemeza. Bado sikuamini. Nikasema anakwenda kuvitapika."

"Hakulalamika chochote kuhusu dawa zenyewe?"

Alifikiri. "Alisema za safari hii hazina uchungu. Nikamwambia aache visingizio."

Inspekta aliacha kuandika. "Alisema lini?"

"Mambo yalipoanza kuharibika. Wiki tano, sita hivi."

"Na siku za mwisho?"

"Alipata homa na koo. Siku tatu. Anatetemeka kitanda kinalia, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kisha anapata fahamu. Nikasema twende hospitali. Akakataa katakata. Akasema, 'Siendi kuitwa mwongo tena.' Leo asubuhi nikaenda kazini nikijua amelala. Kumbe aliinuka, akashuka karakana."

"Nani alibaki naye?"

"Mdogo wake. Nani mwingine? Tunaishi naye miaka kumi na moja."

* * *

Kesho yake, mochwari ilinuka dawa na sabuni. Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Jeraha la kichwani lisahau," alisema. "Amelipata kwa kuanguka. Halijamuua."

"Kilichomuua ni nini?"

"Njoo uone. Hii ndiyo tezi. Ya mtu mzima ni kama kipepeo mdogo, ukiiweka kiganjani nafasi inabaki. Hii imezidi mara tatu. Na huu ndio moyo. Umetanuka kama mfuko uliobebeshwa mzigo usio wake. Vyumba vya juu havikuwa vinapiga, vilikuwa vinatetemeka tu. Damu ikituama, inaganda. Bonge hilo hapo. Mapafu yamejaa maji. Moyo ulishindwa kusukuma."

"Na lile joto?"

"Tezi ikishafika kilele, na mwili ukapata kisingizio kidogo, homa au kidonda cha koo, kila kitu kinalipuka kwa pamoja. Joto, mapigo, akili. Sisi tunaita dhoruba ya tezi. Alipoletwa hapa alikuwa bado na nyuzi thelathini na tisa. Alipokuwa hai lazima alipita arobaini na moja."

"Basi ni kifo cha ugonjwa," alisema Koplo, na sauti yake ilikuwa na nafuu ndani yake.

"Kingekuwa hivyo kama hakuwa na matibabu." Daktari alifungua kichupa kidogo, akavimwaga vilivyomo viganjani. "Mkono wa kulia, vidonge viwili vya waridi. Kushoto, kimoja cheupe. Nimevitoa tumboni. Alivimeza muda mfupi kabla ya kufa."

"Kwa hiyo alikuwa anameza."

"Alikuwa anameza kitu. Kidonge cha dawa kikifika tumboni kinayeyuka dakika chache. Hivi, Inspekta, ni vigumu kama kokoto. Nimempelekea mkemia vingine viwili, pamoja na damu."

Inspekta alipita kwanza duka la dawa la hospitali. Mfamasia alikuwa na hofu ya kutosha watu wawili, lakini makopo mawili makubwa aliyochotea vidonge vya Bi Meno yalikuwa bado rafuni. Inspekta alichukua sampuli. Kidonge kimoja alikigusa kwa ncha ya ulimi. Kilikuwa chungu kama shubiri.

Daktari wa kliniki alikuwa kijana, macho mekundu. Alikuwa amesikia. Faili la marehemu lilikuwa wazi mbele yake.

"Uliandika nini mara ya mwisho?"

Alisoma bila kuinua uso. "'Mgonjwa hafuati maelekezo ya dawa. Ameonywa. Dozi imeongezwa mara mbili.'"

"Mara mbili ya dawa gani?"

"Sikukuelewa."

"Usijali. Nani alikuwa akija naye?"

"Mara ya kwanza mumewe. Baada ya hapo mdogo wake, kila mara. Msikivu sana. Anauliza maswali mazuri kuliko mgonjwa mwenyewe."

"Kama yapi?"

"Aliuliza mikono itaacha kutetemeka baada ya muda gani. Nikamwambia wiki nne, sita. Akauliza kama kuna watu ambao haiachi." Kijana alifunga faili. "Nilidhani ni upendo."

"Uliwaambia habari ya moyo?"

"Niliwachorea kwenye karatasi. Nikawaambia moyo huu umeshaumia, tunaweza kuuokoa. Lakini dawa zikikatizwa na tezi ikaamka tena, mara ya pili hautastahimili."

"Walielewa?"

"Waliitikia kwa vichwa. Wote wawili."

* * *

Majibu ya mkemia yalikuja siku ya nne. Hakutaka kuyasema kwenye simu. Alimkalisha Inspekta mbele ya hadubini.

"Damu haina hata chembe ya dawa. Ya tezi hamna, ya moyo hamna. Zile za makopo ya hospitali ni halali kabisa. Zilizokuwa kwenye chupa za marehemu ni hizi. Tazama."

Inspekta aliinama. Aliona kidonge cha waridi, kikubwa kama sahani. Mstari wa katikati ulinyooka. Pembeni kulikuwa na herufi mbili, safi, kama zimepigwa kiwandani.

"Mbona ni sawasawa na cha kweli?"

"Ndiyo ajabu yenyewe. Hicho ni jasi. Plasta. Kile cheupe ni plasta tupu. Cha waridi kimechanganywa na unga wa akriliki wenye rangi. Rangi hiyo nimeitafuta siku mbili. Hakuna kiwanda cha dawa kinachoitumia. Hutumika kwenye fizi za bandia."

Koplo alipumua kwa nguvu. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Vimemiminwa kwenye kalibu, kimoja kimoja," mkemia aliendelea. "Kisha kingo zimesuguliwa, labda kwa unywele wa brashi. Nimehesabu vilivyobaki, vinapita sitini. Hakuna hata kimoja chenye kasoro. Miaka ishirini na mbili niko hapa, sijaona mkono kama huu."

Garini, Koplo alikuwa na shaka.

"Afande, karakana ile ina watu wawili. Mmoja mikono ilikuwa inatetemeka. Wa pili anasema kazi yake ni kufagia. Mtu wa kufagia atatengeneza hivi?"

"Tukaulize anayezijua kazi zao."

Daktari wa meno aliyekuwa akimpa Bi Meno kazi nyingi alikuwa mzee mwenye maneno ya polepole. Aliwapokea kati ya mgonjwa na mgonjwa, glavu mkononi.

"Alikuwa fundi mzuri," alisema. "Lakini tangu mwaka jana, alikuwa zaidi ya mzuri. Jino la bandia ukilifanya sawasawa mno linaonekana la bandia. Yeye alianza kuweka kasoro kidogo. Jino moja limepinda kiasi cha unywele, jingine lina kivuli. Mgonjwa akivaa, hata mkewe anasahau. Nilimpigia simu kumpongeza."

"Tangu mwaka jana, daktari? Mfululizo?"

"Kuna mwezi hivi, katikati, kazi zilirudi za zamani. Nzuri, lakini za zamani. Kisha zikapanda tena." Alitabasamu kwa huzuni. "Nilidhani akili yake ilikuwa likizo."

Inspekta alihesabu kichwani. Miezi ya kutetemeka, kazi bora. Wiki za nafuu, kazi za kawaida. Ugonjwa uliporudi, kazi bora nazo zikarudi.

"Naomba uniazime seti mbili," alisema. "Moja ya zile kazi bora, na moja ya mwezi huo wa katikati."

* * *

Plasta aliingia chumba cha mahojiano akiwa msafi, nywele zimesukwa, mikono imefungwa mapajani. Koplo alimsomea onyo: kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani.

"Nimeelewa," alisema.

Inspekta hakuuliza kitu. Alitandaza karatasi nyeupe mezani, akaweka seti mbili za meno juu yake. Alimwacha ayatazame.

"Daktari wa meno amesema hii ya kushoto ni kazi bora kuliko zote alizopata kuziona. Nataka kuandika ni ya nani, iingie kwenye jalada. Niandike ya marehemu?"

Plasta aliendelea kuyatazama meno.

"Koplo, andika. Kazi ya kushoto, marehemu."

"Si yake."

Sauti ilikuwa ndogo. Koplo aliinua kalamu.

"Sema tena."

"Ya kushoto si yake. Yake ni hiyo ya kulia. Dada alikuwa anapanga meno kama askari wa gwaride."

"Hii ya kushoto ni ya nani?"

"Yangu."

"Uliniambia unakoroga plasta na kufagia."

"Ndivyo watu wote walivyoambiwa."

Inspekta alitoa kibahasha, akakitikisa juu ya karatasi. Kidonge kimoja cha waridi kilibingirika, kikasimama karibu na yale meno. Rangi ya kidonge na rangi ya fizi ilikuwa moja.

"Na hiki?"

Plasta alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo Koplo alilisimulia miaka mingi baadaye. Alinyoosha kidole na kukigeuza kidonge taratibu, mpaka herufi zikasomeka upande wa Inspekta.

"Hizo herufi ndizo zilizonitesa," alisema. "Kalibu tatu niliharibu."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Usiniite hivyo, afande. Tafadhali."

Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa kiganja. Kisha yakatoka yote.

"Miaka kumi na moja nimekoroga plasta. Yeye ndiye alinilea, mama alipokufa. Alinifundisha kila kitu, lakini akasema nina mkono mzito. Kila nikijaribu, 'Acha, Plasta, utaharibu.' Nikaamini. Mwaka jana akaanza kutetemeka. Siku moja alijichoma na kijiko cha nta, akakaa chini, akalia. Akaniambia, 'Shika wewe, mpaka nipone. Usimwambie mtu.' Nikashika. Afande, mkono wangu si mzito."

"Nimeona."

"Daktari wa meno alipopiga simu kumpongeza, nilikuwa nimesimama pale. Dada akasema, 'Asante, daktari, ni uzoefu.' Hata hakunitazama. Sikujali. Kiti kilikuwa changu. Lakini akaanza dawa, mikono ikatulia. Asubuhi moja nimekaa nachonga, akanigusa bega. Akasema, 'Haya, Plasta, rudi kwenye ndoo yako.' Akacheka. Hakusema kwa ubaya. Kama angesema kwa ubaya, labda ningejibu. Nikainuka, nikarudi kwenye ndoo."

"Ukaamua kumuua."

"Hapana! Nilitaka mikono tu. Itetemeke kidogo, nibaki pale kitini. Sikuutaka moyo wake."

"Daktari alikuchorea huo moyo."

"Alichora."

"Ulielewa?"

"Nilielewa. Nikajiambia madaktari hutia chumvi."

"Daktari alipomwita mwongo, ulikuwa umekaa naye?"

"Kiti cha pili."

"Shemeji yako alipomfungulisha mdomo?"

"Nilikuwa jikoni. Nilisikia." Alifumba macho. "Alikuwa anamwambia, 'Wallahi nimemeza, mume wangu, wallahi.' Nikafungua bomba la maji nisisikie."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimgonga kwa kiwiko, akaendelea.

"Siku tatu za homa. Uliona hali yake."

"Niliona. Nilishika mkono wake, nikahesabu mapigo. Nikafika mia na themanini, nikapoteza hesabu."

"Ungesema neno moja tu, angepelekwa hospitali, na wangejua la kufanya."

"Ningesema nini? Kwamba vile vidonge ni vyangu? Kila saa nilisema nitasema. Nikifika mlangoni, naona uso wa shemeji, narudi."

"Asubuhi ile uliniambia hakusema neno. Ni kweli?"

Plasta alitikisa kichwa.

"Alishuka mwenyewe, ameshikilia ukuta. Midomo imekuwa ya bluu. Akasema, 'Mdogo wangu, nipe dawa zangu, moyo unanitoka.'"

"Dawa za kweli zilikuwa wapi?"

"Kwenye kopo la nta, chini ya meza. Sikutupa hata kimoja. Nilikuwa nimejiambia, siku nikibadili nia, zipo."

"Ukafanya nini?"

"Nililishika lile kopo. Nikalifungua. Nikawaza, nikimpa hizi atasikia uchungu. Atauliza mbona leo ni chungu. Atajua."

Nje, mtu alikuwa akifagia veranda.

"Ukampa zipi?"

"Zile zile. Alizimeza. Akaniambia asante. Kisha akasimama aende dirishani kupata hewa, akaanguka."

Aliyasaini maelezo yake kurasa sita, kwa mwandiko mzuri, mstari haukupanda wala kushuka. Alipotolewa, aliuliza kama mwalimu mkuu mstaafu alipata meno yake.

Kopo la nta lilikutwa pale pale aliposema. Inspekta alimwuliza daktari wa mochwari kama dawa zile zingemwokoa Bi Meno asubuhi ile. Daktari alisema hapana, kwa saa ile dawa ya kumeza ilikuwa imechelewa. Hospitali, siku tatu kabla, ingemwokoa.

"Tuandike shitaka gani, afande?" Koplo aliuliza. "Kuua kwa kukusudia, au bila?"

Inspekta alifikiri. "Zile wiki tano, waache wanasheria wabishane. Hizi siku tatu za mwisho, andika kukusudia."

Jioni, jua lingali juu, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa marehemu. Angeweza kumtuma Koplo. Mume alikuwa sebuleni peke yake, viti vya waombolezaji vimeshaondolewa. Habari ya shemeji yake alikuwa ameshaisikia, maana habari mbaya hazihitaji miguu. Alikaa akitazama sakafu.

"Kuna jambo moja nilitaka ulisikie kutoka kwangu," Inspekta alisema. "Mkeo hakukudanganya. Vidonge vyote alivyopewa, alivimeza."

"Vyote?"

"Vyote. Kila siku, kwa saa yake, kama alivyoambiwa. Mpaka asubuhi ya mwisho."

Mtu yule hakulia. Alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakielekeza kwa Inspekta.

"Kaa, afande," alisema. "Niambie tena."

Inspekta alivua kofia, akakaa, akamwambia tena.